Konsole ya Nyuma ya Gari ya Mama Zawadi

"Papa, tafazali, toa muguu yako juu ya robe yangu."

Aliyesema hivyo alikuwa bibi arusi. Yeye alikaa ku kiti ya nyuma, mweupe tangu kichwa mpaka viatu. Mimi nilikuwa chini, katikati ya viti, tumbo ku kapeti, mukono yangu ya kuume imeingia mpaka bega ndani ya konsole, ile sanduku ya plastiki ya katikati ya gari. Walikuwa wamenifunika na voile, shela yake, na juu ya voile, ku mugongo yangu, waliweka maua yake ili yasichafuke. Gari ilikuwa inatembea. Mbele yetu motari wa pikipiki wanapiga klaksoni, nyuma yetu gari za harusi zinapiga klaksoni, na watu wa Mabanga, majirani zangu mwenyewe, wamesimama ku barabara wanapiga vigelegele. Bega yangu ilikuwa imeshatoka mahali Mungu aliiweka.

"Mwanangu," nilimujibu, "muguu ninaweza kutoa. Mukono njo siwezi."

Ninaandikia ninyi vijana wa garaji ya Ndosho, mulionipokea zana zangu na kuniuliza kwa nini nimeacha kazi wakati ndevu zangu bado nusu nyeusi. Wengine wamewaambia kwamba Papa Assumani amechoka. Wengine wamewaambia kwamba alijiumiza mwenyewe. Ni juu ya hiyo ya pili ninashika kalamu, tena na mukono ya kushoto, kwa hiyo herufi zinalala kila upande. Masomo niliacha ku shule ya primaire. Lakini majina ya watu nitayaandika wima.

Nimeponea volkano. Nimeponea vita nyingi, zingine nimesahau nani alikuwa anapigana na nani. Nimeponea kolera, na chakula ya hospitali baada ya kolera. Nikaja kumalizwa na sambaza, samaki mudogo wa ziwa.

Nianze mbali kidogo, mutaelewa.

Nilifika ku garaji kijana wa ndevu za kwanza, baada ya lava kumeza nyumba ya wazazi. Garaji yenyewe ilikuwa juu ya hiyo lava, bado nyeusi, mabati nne juu ya miti. Bwana yake alikuwa Muzee Sefu, mutu wa Maniema kwa asili, anatembea akichechemea, kofia yake ya kuswalia imejaa grisi mpaka ilikuwa inang'aa. Siku ya kwanza nilitegemea atanipa kle, spana ya kufungulia bulo. Akanipa kontakti, ule ufunguo wa kuwashia, ya kamio moja ya mizigo, kisha yeye mwenyewe akalala chini ya hiyo kamio.

"Weka mu mufuko, kijana. Kaa pale ku jiwe."

"Nifanye nini, muzee?"

"Kaa."

Nilikaa asubuhi yote. Mwenye kamio alikuja kuiomba, nikamupa, mutu mwenye mali yake nitamukatalia nini? Muzee Sefu alitoka chini ya kamio na mwendo ambao sikujua kilema anaweza kuwa nao. Alinipokonya kontakti, akaniwekea kofi moja ku shingo, kisha akanionyesha muguu yake. Kidole hata moja haikukuwa. Zamani, ku Bukavu, mutu aliwasha gari yeye akiwa chini.

"Gari iko na batu wawili," alisema. "Mwenye kununua, na mwenye kontakti. Mwenye kununua iko bosi kwake ku nyumba. Hapa, ukilala chini ya gari, kontakti inalala na weye, mu mufuko yako, hata gavana akikuja kuomba. Na gari ikigonga mutu, ikiwaka moto, ikipotea, sisi tunauliza neno moja tu: kontakti ilikuwa mu mufuko ya nani? Ule njo anajibu."

Hiyo ilikuwa sheria ya garaji. Hatukuwa na ingine. Hata magomvi ya wake tulikuwa tunaamua na hiyo.

Kazi nilifundishwa na masikio kuliko macho. Muzee Sefu alikuwa na turnevisi, bisibisi ndefu ya mupini ya mbao. Ncha unaweka ku moteri, mupini unaweka ku sikio, na moteri inakuambia kila kitu: valvu inayogonga, bilia inayolia, mafuta inayokosa. Vijana, leo munacheka nikiweka turnevisi ku sikio. Mimi nilijua ugonjwa wa gari ikiwa bado inapanda kilima kuja kwetu.

Kesi ngumu? Ngumu siyo ile ya kuvunjika. Ngumu ni ile ya mwenye gari. Tulikuwa na pastere mumoja wa Mabanga, gari yake ikikata kushoto klaksoni inalia yenyewe. Nilitafuta, nikapata waya imechubuka ku usukani, nikaifunga. Siku ya pili pastere akarudi amekasirika.

"Fundi, umenifanya nini? Mimi nilishahubiria batu kwamba hata gari yangu inalia nikielekea upande wa mbuzi wa siku ya hukumu!"

Nikafungua waya tena. Nilichubua vizuri, kazi safi, na tangu ile siku alinitumia wateja wengi.

Magari ya njia ya Kamanyola, jeep za wazungu, minibus zilizokuja na kuku ndani ya filtre ya hewa, yote nilifanya. Kriki, jeki yetu, ilikuwa inazama mu mavumbi ya lava, tunainua gari na mawe na mabega. Kontakti mu mufuko. Sikuwahi kupata hata mukwaruzo.

Muzee Sefu alipokufa, watoto wake waliuzia Kambale garaji. Sasa tunafika ku majina. Kambale alikuwa muuza matela, magodoro ya kulalia. Gari alizijua kwa sababu matela zilikuwa zinafika juu ya gari. Lakini alikuwa na sauti, na kwetu mwenye sauti njo patron. Alisimama mulangoni kutoka asubuhi, mikono kiunoni, anapiga kelele: "Sogeza! Sogeza!" Kusogeza gari njo kazi yote aliyoielewa. Gari inaingia, anasema sogeza. Gari imefunguliwa vipande vipande, haina magurudumu, anasema sogeza.

Kisha ikakuja ile gari ya umeme. Mwenyewe ni Mama Zawadi, muuza sambaza mukubwa, munamujua. Aliiingizia ku mupaka wa Gisenyi, nyeupe, laini kama sahani. Shofere wake Dieumerci alivaa miwani nyeusi hata kukinyesha. Siku alipoileta, garaji yote ilisimama. Nilichukua turnevisi ya muzee, niliweka ncha ku kapo, kifuniko cha mbele, mupini ku sikio.

Kimya. Kama kusikiliza kaburi.

"Imekufa," nilisema.

"Inatembea, papa," Dieumerci alisema kutoka ndani. "Toka mbele."

Niliruka. Watu walicheka mpaka jioni. Mimi sikucheka. Nilijiambia: kitu kisichosema ugonjwa yake hakitasema hasira yake pia. Lakini nani alikuwa ananisikiliza? Kambale alikuwa ameshaandikisha ku kibao cha mulangoni kwamba tunatengeneza gari za umeme.

Sasa kesi yenyewe. Mama Zawadi alibeba ndoo ya sambaza kavu katikati ya viti vya mbele, pale wazungu wanapumzisha mikono. Dieumerci akapita mu shimo, ndoo ikapinduka kwa nyuma, na sambaza ziliingia mu matundu ya hewa ya konsole ya nyuma. Konsole ni ile sanduku ndefu katikati ya viti, inayoanzia mbele na kuishia mbele ya magoti ya abiria wa nyuma. Huko mwisho iko na matundu ya hewa na mahali pa kuchajia simu. Ukifungua klimu, abiria anapigwa na upepo baridi na vipande vya samaki ku uso.

Mama Zawadi angevumilia, harufu ya sambaza kwake ni manukato. Lakini binti wa kaka yake, Furaha, alikuwa anaolewa Jumamosi, na gari ya bibi arusi ilikuwa ile. Akaileta Jumamosi yenyewe, asubuhi.

"Fundi, nataka inuke kama kanisa," alisema.

Kuondoa ile konsole si kama kufungua boksi, musikilize vizuri, siku moja itawafikia. Kwanza unatoa kichwa ya batri ndogo, kwa sababu waya za balo ya kukinga ajali zinapita karibu, na balo ikipasuka ku uso yako hautahitaji mukubwa kukusimulia. Kisha paneli ya nyuma, yenye matundu. Ile haina vise, skrubu. Inashikwa na agrafe, vibanio vya plastiki. Unaingiza kitu bapa chini, unavuta kuja kwako kutoka chini, si kutoka juu. Ukianza juu, unavunja. Nyuma yake kuna fishi, plagi za waya, unabonyeza ulimi, unavuta fishi, hauvuti waya. Baadaye unatafuta vise za pembeni, na bulo za mbele chini ya kifuniko.

Na hapa njo shetani alikaa. Ili ufikie bulo za mbele lazima usukume viti nyuma, na ili ufikie vise za pembeni lazima usukume viti mbele, na viti vyenyewe vinasukumwa na umeme. Kwa hiyo batri uliyoitoa, unairudisha. Gari inakuwa macho wakati mikono yako iko mu tumbo yake.

Niliweka kontakti mu mufuko. Haikukuwa hata kontakti ya chuma, ni kama kijiwe cheusi chenye vidude vya kubonyeza. Lakini mufuko ni mufuko.

Nilitoa konsole yote. Paka wa Ndosho walikuwa wameshakaa mustari mulangoni. Nilitoa sambaza za kujaza sahani, nikapangusa na maji ya sabuni na limau, nikarudisha konsole, nikakaza vise, nikaweka bulo na fishi. Paneli ya nyuma tu njo niliacha, nijaribu upepo kwanza. Upepo ulikuja safi. Halafu nikasikia: tr-r-r-r. Mukia mumoja wa sambaza, ndani kabisa ya bomba ya hewa, unapigapiga. Nilizima, nililala chini kati ya viti, niliingiza mukono ku tundu ya paneli mpaka bega. Uso ku kapeti, miguu nje ya mulango. Vidole vikagusa samaki.

Sasa mulangoni. Hii nilikuja kuisikia kwao wenyewe. Harusi ilikuwa imeshaanza kupiga klaksoni ku barabara kubwa. Gari nyingine ilitaka kuingia garaji, ya Mama Zawadi imeziba. Kambale, anaona miguu yangu inatoka nje ya gari, akapiga kelele:

"Dieumerci! Sogeza hiyo gari!"

Dieumerci alikuja, aliona miguu yangu mulangoni, alikunja miguu yangu kwa ndani kama mutu anayekunja shuka, akafunga mulango. Mama Zawadi naye aliingia mbele na kitenge kipya.

"Kuna mutu huku nyuma," alisema.

"Ni fundi. Atamalizia ku njia."

"Bon, twende, musichana anangoja."

Dieumerci hakuwa na kontakti. Alikanyaga freni, alibonyeza kitufe, na gari ikaitika. Kwa nini iliitika? Kwa sababu ile gari haitaki kontakti iingie mahali popote. Inataka kontakti iwe karibu tu. Na kontakti ilikuwa ndani yake, mu mufuko yangu, mahali Muzee Sefu alinifundisha kuiweka.

Mimi sikusikia moteri; waliokunja miguu yangu nilizani ni vijana wanatafuta njia ya kupita. Moteri yoyote ya dunia ingeniambia, Assumani, toa mukono. Nilijua tunatembea wakati mawe ya Ndosho yalianza kunipiga mu mbavu.

"Simamisha! Niko na mukono ndani!"

"Fundi, fanya polepole," Mama Zawadi alijibu, na akaongeza muziki.

Chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, yenye magunia ya makala ilikata mbele yetu. Dieumerci alikanyaga freni na nguvu yote. Mwili yangu ilienda mbele, mukono ilibaki nyuma. Nikalia sauti ambayo watu wa pembeni waliipokea na vigelegele.

Ku nyumba ya bibi arusi mashangazi walifungua mulango. Nilizani nimeokoka.

"Kuna mwanaume mu gari ya harusi!" mumoja alisema. "Ni mukosi!"

"Ni mukosi kama anasema," mwingine alisema. "Papa, unaweza kunyamaza?"

"Mukono yangu imetoka!"

"Imetoka ama imeingia? Amua."

Walinivuta muguu. Nilipoteza macho kidogo. Dieumerci akasema zana zimebaki Ndosho, na saa ya kanisa imefika. Basi walinifunika na voile, waliweka maua, waliingiza bibi arusi. Hapo njo mulinikuta mwanzoni.

Furaha alikuwa mutu wa pekee mu gari ile aliyeuliza.

"Papa, ni nini imekushika?"

"Mukono imevimba ndani ya bomba. Konsole inatakiwa kutoka."

"Inatoka aje?"

Nilimwambia. Alitoa glavu zake nyeupe, alitoa pini ya nywele, nywele zilizotengenezwa siku mbili zikaanguka upande mumoja. Kifuniko alifungua na pini. "Vuta kutoka chini, mwanangu, si kutoka juu." Alivuta kutoka chini. Vise za pembeni alizifungua na kisu kidogo cha keki, ambacho Mama Zawadi alikuwa amekibeba mu sakoshi. Bulo za mbele nilikuwa nimezikaza na mukono tu, nikingoja jaribio la mwisho, Mungu alinikumbuka pale. Mama Zawadi alikuwa amekaa mbele karibu na hizo bulo, aliona mikono ya musichana inapita pembeni ya goti yake kuzifungua na vidole, akasema tu: "Furaha, usichafuke." Konsole iliinuka kidogo, bomba ikaachia, mukono yangu ikatoka. Ndani ya vidole kulikuwa na ule sambaza.

"Sasa rudisha hiyo plastiki!" Mama Zawadi alisema. "Mupiga picha iko ku mulango ya kanisa!"

Na tuliirudisha. Mimi mukono unaning'inia, ninasema. Yeye mu robe anasukuma mpaka agrafe inalia. Alisikiliza agrafe, vijana, na sikio karibu, bila mutu kumwambia. Sijapata kumuonyesha mutu kazi akaishika hivyo. Vise moja ilibaki, akaiweka mu glavu. Aliingia kanisani na nywele upande mumoja na magoti ya robe meusi, na bwana yake alitabasamu kama hakuona.

Bega ilirudishwa ku hospitali, lakini misuli ilikuwa imeshakatika. Mukono haipandi tena juu ya mbavu. Kushika kle inashika, kukaza haikazi. Fundi asiyekaza ni mushauri, na garaji yetu haijawahi kuwa na kiti ya mushauri.

Kambale aliita kikao chini ya mabati. Mulikuwa pale, wengi wenu, muliangalia viatu.

"Nani aliwasha gari?" niliuliza.

"Mimi sikuwa na kontakti," Dieumerci alisema. "Mutu hawezi kuwasha gari bila kontakti. Kwa hiyo si mimi."

"Mimi nilisema sogeza gari," Kambale alisema. "Sikusema sogeza fundi."

"Mimi nilikuwa nimekaa tu," Mama Zawadi alisema. "Na bado inanuka kidogo."

Niliomba waite Furaha, yeye aliona. Kambale akakataa: bibi arusi si wa garaji, na hakuwa na kontakti. Kisha akaweka mikono kiunoni, muuza matela yule, na akatumia maneno ya Muzee Sefu juu yangu mimi niliyeyapokea pamoja na kofi:

"Sheria yetu ni moja. Kontakti ilikuwa mu mufuko ya nani?"

Alininyooshea kidole.

"Ule njo anajibu. Kikao imefungwa. Sogeza hiyo kiti."

Vijana, ile sheria ilitungwa na mutu asiye na vidole ili mutu mwingine abakie na vyake. Haikutungwa ili mwenye kuumizwa ajibu kwa niaba ya aliyemuumiza. Kuanzia leo, gari isiyo na sauti, kontakti yake iende mbali, ku duka ya jirani, ku kofia ya muadini wa musikiti, popote, isibaki karibu na gari. Hiyo ninawapa bure.

Karamu ya kuniaga ambayo Kambale anatangaza, musiifanye. Sitakuja kula kuku mbele ya watu wanaosema nilijiendesha mwenyewe nikiwa nimelala kifudifudi. Nitakuja siku moja tu, na siku hiyo ninataka mutu mumoja asimame chini ya yale mabati, mbele yenu wote, mikono isiwe kiunoni.

Dieumerci, weye ulikunja miguu yangu na mikono yako, ukafunga mulango, ukakanyaga. Kambale, weye uliona miguu inatoka nje ya gari na ukasema sogeza. Mama Zawadi, weye ulisema "kuna mutu huku nyuma," halafu ukasema "twende." Mufuko yangu haikusema neno hata moja asubuhi ile.

Kwa hiyo ninauliza tena, na safari hii sitaki kusikia habari ya kontakti. Kati yenu watatu, mukono hii, nani anaijibia?